Ganda la chungwa, la ndimu na la chenza: maswali ninayoulizwa kila msimu hapa Tanga

Malori ya machungwa yakianza kushuka kutoka Muheza, Soko la Mgandini hubadilika harufu. Ukipita asubuhi unawakuta vijana wamekalia ndoo zilizofudikizwa, kisu mkononi, wanamenya. Ganda la kijani linatoka utepe mmoja mrefu usiokatika, chungwa linabaki jeupe kama yai. Mteja anakatiwa kichwa, anafyonza pale pale, kilichobaki anakitupa. Ikifika alasiri, chini pamejaa maganda mpaka unakanyaga juu yake, na mbuzi wamekwishafika.

Maganda yale huniuma kuyaona. Nilisomea sayansi ya chakula, na kwa miaka mingi sasa natengeneza achari na maganda ya shira nyumbani kwangu Ngamiani. Wanunuzi huniuliza, majirani huniuliza, hata shughulini nikienda nitaitwa pembeni niulizwe. Nimeyaandika hapa yale yanayorudi mara kwa mara. Msimamo wangu ni huu: sehemu iliyojaa zaidi katika chungwa ndiyo tunayoitupa, na mahali pa ganda ni jikoni, liliwe kidogo kidogo kama kiungo. Wanaoligeuza dawa ya kila ugonjwa wanalitwisha mzigo usio wake.

Shangazi, kwani ganda lina nini ambacho chungwa lenyewe halina?

Chukua chungwa ulikate katikati, ulitazame taratibu. Nje kabisa ipo ngozi nyembamba yenye vidoti. Kila kidoti ni kifuko cha mafuta. Chini yake ipo ile nyeupe, laini kama sifongo. Kisha kuna utando unaogawa vyumba, ndipo tunafika kwenye maji. Sisi wengi tunaishia kwenye maji tu.

Katika vile vifuko vya nje mna mafuta yenye harufu, na zaidi ya asilimia 90 ya mafuta ya ganda la chungwa ni kitu kimoja kiitwacho limonene. Kama ulikulia nyumba ya koroboi, nadhani uliwahi kulikunja ganda karibu na moto ukaona cheche zikiruka na kulia chi! chi! Hiyo ndiyo limonene inayoungua. Katika ngozi hiyo hiyo ya nje zimo rangi za jamii ya karotenoidi, na kwa chenza hasa zimo kemikali ziitwazo nobiletini na tanjeretini, ambazo kwenye maji ya tunda ni kidogo sana.

Ile nyeupe nayo ina pektini, ambayo ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka, na ina hesperidini kwa wingi. Uchungu wake unatokana na vitu kama limonini na, kwa balungi, naringini. (Limonene na limonini majina yanafanana, lakini ni vitu viwili: ya kwanza inanukia, ya pili ni chungu.)

Kwa hesabu za majedwali ya chakula ya Marekani, gramu 100 za ganda bichi la chungwa zina vitamini C miligramu 136, ilhali gramu 100 za nyama ya chungwa zina kama 53. Nyuzinyuzi za ganda ni gramu 10.6, za nyama ni 2.4. Kalsiamu ni miligramu 161 kwa 40. Ila usishangilie mapema. Hakuna anayekula gramu 100 za ganda. Kijiko kikubwa cha ganda lililokwanguliwa ni kama gramu 6, na humo vitamini C ni miligramu 8 tu, wakati mtu mzima anahitaji 75 hadi 90 kwa siku. Kama unachotafuta ni vitamini C, kula chungwa lenyewe, tena kula mawili. Faida ya ganda iko kwenye vile vingine.

Hizo flavonoidi zinazotajwa kila mahali ni nini hasa?

Ni jamii kubwa ya kemikali ambazo mmea hujitengenezea. Mti hauwezi kukimbia jua wala mdudu, kwa hiyo unajikinga kwa kemikali, na ukuta wa kwanza wa tunda ni ganda. Ndiyo maana ngome imejengwa pale. Hesperidini na naringini ni za jamii hii, na nobiletini na tanjeretini pia. Limau lina ya kwake iitwayo eriositrini.

Hesperidini haikugunduliwa juzi. Mwaka 1828 mkemia Mfaransa aitwaye Lebreton aliitoa kwenye ile nyeupe ya ganda la chungwa. Zaidi ya miaka mia ikapita, ndipo Albert Szent-Györgyi wa Hungaria, yule aliyeitenga vitamini C na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1937, akakutana na jambo lililomshangaza. Wapo wagonjwa ambao mishipa yao midogo ilikuwa inavuja damu chini ya ngozi. Vitamini C safi haikuwasaidia, lakini mchanganyiko uliotolewa kwenye pilipili hoho na kwenye limau uliwasaidia. Mwaka 1936 yeye na wenzake wakaandika kwamba mna kitu kingine humo, wakakiita vitamini P. Baadaye jina hilo likaachwa, kwa sababu mtu hafi wala hapati ugonjwa maalumu kwa kukosa vitu hivyo kama anavyopata kiseyeye kwa kukosa vitamini C. Kwa hiyo flavonoidi si vitamini. Ukisikia mtu anauza "vitamini P" leo, anatumia jina lililokwishazikwa.

Niseme na hili maana nimeulizwa mara mbili: tanjeretini haihusiani na Tanga yetu. Jina linatokana na mji wa Tangier, Moroko, ambako Wazungu walikuwa wakipata machenza.

Machungwa ya Muheza ni ya kijani hata yakiiva. Ganda lake lina faida sawa na lile la rangi ya chungwa?

Swali hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu wapo wageni wanaotukosea heshima wakidhani tunauza machungwa mabichi. Kijani kile ni klorofili. Katika nchi ambazo usiku huwa na baridi, baridi ndiyo inayofanya klorofili ivunjike na rangi ya njano iliyokuwa chini yake ionekane. Huku kwetu usiku una joto, ganda halipati baridi ya kutosha, kijani kinabaki. Ndani sukari imeshaingia na ukali umeshapungua. Chungwa la aina ya Valencia likiwa limeiva Muheza linaweza kuwa la kijani na bado likawa tamu kama asali.

Flavonoidi nyingi za ganda hujengwa tunda likiwa changa, kwa hiyo ganda la kijani halina upungufu wa hesperidini. Linachozidiwa na lile la njano ni karotenoidi. Hizo utazipata kwenye embe, papai na kisamvu, wala huhitaji kulifukuza ganda kwa ajili yake.

Ni kweli linashusha presha?

Hapa naomba usome mpaka mwisho. Ufaransa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, wanaume 24 wenye afya lakini wazito kidogo, wa umri wa miaka 50 hadi 65, walipewa kwa wiki nne ama nusu lita ya maji ya chungwa kila siku, ama kinywaji kingine pamoja na hesperidini miligramu 292, ama kinywaji hicho na kidonge kisicho na kitu. Waliopata maji ya chungwa na waliopata hesperidini, ile namba ya chini ya presha ilishuka, na mishipa midogo ikafanya kazi vizuri zaidi. Huo ni utafiti wa kweli, kwa watu wa kweli, na unanipa moyo.

Lakini ni watu 24, kwa mwezi mmoja, na hawakuwa wagonjwa wa presha. Ninaowaona mimi ni akina mama wa miaka sitini ambao presha yao inapanda mpaka macho yanaingia giza. Nilikuwa na jirani, mama mpole sana, aliyeacha vidonge vyake akawa anakunywa maji ya maganda asubuhi na jioni kwa sababu mtu alimwambia ni "ya asili". Alianguka jikoni. Alipona, lakini mkono wa kushoto haukurudi kama ulivyokuwa. Kila nikiulizwa swali hili namkumbuka. Kula ganda, na vidonge vyako umeze kama ulivyoandikiwa.

Kuna dawa yoyote ya hospitali inayotokana na ganda la machungwa?

Ndiyo. Vidonge wanavyopewa watu wenye bawasiri na wenye mishipa ya miguu iliyovimba mara nyingi vina diosmini miligramu 450 na hesperidini miligramu 50. Diosmini yenyewe hutengenezwa kiwandani kutoka kwenye hesperidini. Kwa hiyo kile kinachokanyagwa Mgandini, kwingine kinasafishwa, kinapimwa, kinafungwa kwenye boksi. Tofauti ni kipimo: kidonge kinajulikana kina kiasi gani, ganda lako halijulikani.

Je, linapunguza kolestroli?

Pektini inasaidia. Ikifika tumboni inakuwa kama ute, inashika nyongo na kuondoka nayo, ini linalazimika kutumia kolestroli kutengeneza nyongo nyingine. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2010 ilikubali kwamba gramu 6 za pektini kwa siku zinasaidia kuweka kolestroli sawa. Sasa piga hesabu. Ganda likikauka, kama robo ya uzito wake ni pektini. Kupata gramu 6 utatafuna gramu 24 za ganda kavu kila siku, na hilo si jambo la mtu kulifanya kwa furaha. Ganda litakuongezea tu juu ya maharage, kunde, mapera na mboga unazokula. Njia nyepesi kuliko zote: ukimenya chungwa, acha ile nyeupe iliyong'ang'ania, na ule vyumba vizima badala ya kufyonza na kutema.

Na saratani?

Kwenye maabara, limonene na nobiletini zimezuia uvimbe kwa panya na kwa seli zilizokuzwa kwenye vyombo. Kwa binadamu upo utafiti mmoja wa Arizona, Marekani, wa mwaka 2000, ulioona kwamba watu waliokuwa wakila ganda la machungwa na ndimu walikuwa na aina moja ya saratani ya ngozi kwa nadra kuliko wasiolila. Lakini kuulizwa "ulikuwa unakula nini" si sawa na kujaribiwa. Huenda walaji wa maganda wana mambo mengine mema wanayoyafanya. Mtu akikwambia ganda linatibu saratani, anakudanganya, na kama ana cha kukuuzia mkimbie.

Natumia dawa za presha na kolestroli. Kuna tunda la kuogopa?

Lipo, na hili ni muhimu kuliko yote niliyoandika hapa. Balungi, na danzi (lile chungwa chungu) pia, vina kemikali ziitwazo furanokumarini. Zinalemaza kimeng'enya kilichopo kwenye utumbo ambacho kazi yake ni kuvunja baadhi ya dawa. Kikilemazwa, dawa inaingia kwenye damu kwa wingi kuliko daktari alivyokusudia. Jambo hili liligunduliwa Kanada mwishoni mwa miaka ya 1980 na David Bailey na wenzake, karibu kwa bahati: walikuwa wakitumia maji ya balungi kuficha ladha ya pombe katika utafiti wa dawa ya presha iitwayo felodipini, wakaona kiwango cha dawa kwenye damu kimepanda kupita walivyotazamia.

Nifedipini ya presha inaguswa, simvastatini ya kolestroli inaguswa sana, atorvastatini nayo. Glasi moja tu inatosha, na athari yake inaweza kukaa siku nzima na zaidi, kwa hiyo kula balungi asubuhi na kumeza dawa jioni hakukuokoi. Na ganda lina furanokumarini kuliko maji. Chungwa la kawaida na chenza havina tatizo hili. Ukienda kuchukua dawa, muulize mfamasia kwa jina: "Hii inagombana na balungi?" Ni swali la sekunde tano.

Nikichemsha maganda nikanywa maji yake, si inatosha?

Utapata harufu, utapata limonene kidogo, utapata sehemu ya flavonoidi. Lakini hesperidini haipendi maji. Inayeyuka kwa shida sana, ndiyo maana nyingi hubaki kwenye ganda unalolimwaga. Vitamini C nayo inaharibika kwa moto mrefu. Mimi nikitengeneza chai ya rangi natia kipande cha ganda la limau chenye ukubwa wa kidole gumba pamoja na mchaichai, nafunika dakika tano, kisha kile kipande nakitafuna. Ni kinywaji kitamu, na kwa kikohozi cha kawaida kinalainisha koo.

Ukila ganda lenyewe, hesperidini inashuka nzima mpaka utumbo mpana. Pale bakteria wanaikata ile sukari iliyoishika, na sehemu iliyobaki ndiyo inayoingia mwilini. Kwa hiyo kazi kubwa inafanywa na bakteria wako, na hao wanataka nyuzinyuzi. Ganda limekuja na chakula chao.

Maganda ya kuanika yanafaa?

Yanafaa. Wachina wa Guangdong huanika maganda ya machenza na kuyaweka miaka, kadiri yanavyozeeka ndivyo bei inavyopanda. Waarabu wa Omani wana ndimu kavu nyeusi za kupikia. Hapa anika kivulini penye upepo, siku tatu nne, mpaka ganda likikunjwa linakatika kwa sauti. Jua kali linafukuza harufu. Saga, weka kwenye chupa kavu, tia robo ya kijiko cha chai kwenye uji au kwenye unga wa maandazi.

Na dawa za kuulia wadudu? Si zinakaa kwenye ganda?

Zinakaa, ndiyo. Ganda ndilo linalopokea kila kinachopuliziwa shambani. Machungwa yanayosafirishwa mbali na kuuzwa yakiwa yanang'aa kama yamepakwa mafuta mara nyingi yamepakwa nta yenye dawa ya kuzuia ukungu, kama imazalili au thiabendazoli. Hayo mimi nayamenya na kula ndani tu.

Kwa achari natumia ndimu na machungwa ya mashamba ninayoyajua. Mkulima namuuliza amepulizia nini na lini. Wengine wa Muheza hawapulizii kabisa. Kuosha: maji yanayotiririka, usugue kwa mkono au brashi laini, kisha loweka dakika kumi na tano kwenye maji yenye magadi soda, kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita. Mwaka 2017 watafiti wa Massachusetts walijaribu hivyo kwenye matofaa wakaona magadi soda yanaondoa dawa ya juu kuliko maji matupu. Ile iliyokwisha kuzama ndani ya ganda haitoki. Usitumie sabuni, ganda linainywa.

Nikipaka ndimu usoni si natakata?

Usifanye hivyo, mwanangu. Nina sababu ya kusema kwa ukali.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Tulikuwa pwani ya Sahare, tunaosha samaki kwa ndimu ili kuondoa shombo, jua la saa saba linawaka. Nilikamua ndimu kwa mikono kwa muda mrefu, maji yakanitiririkia mpaka kiwiko. Sikunawa. Kesho yake ngozi ilikuwa nyekundu na inachoma, siku ya pili yakatoka malengelenge, na yalipopasuka yakaacha michirizi meusi iliyofuata pale pale maji yalipopita, kama mtu kanichora kwa mkaa. Ilichukua miezi kufutika. Bibi alidhani nimechezewa.

Zilikuwa furanokumarini zile zile za swali la dawa. Zikikaa juu ya ngozi na jua likapiga, zinaiunguza ngozi kuanzia ndani. Ndimu inazo nyingi, na ganda lake linazo kuliko maji. Kwa hiyo msichana anayejisugua ganda la ndimu usoni asubuhi na kutoka nje kwenda kazini anatafuta weusi, hatafuti weupe. Ukikamua ndimu, nawa kwa sabuni kabla ya kutoka juani. Ukiwa na mtoto anayecheza na maganda ya ndimu uani, mnawishe vile vile.

Kuchoma maganda makavu kunafukuza mbu?

Moshi wowote unawasumbua mbu kwa muda, na limonene inawakera wadudu. Harufu ikiisha wanarudi. Mkoa huu una malaria ya kutosha mpaka utafiti wa malaria umekuwa na makao Amani na Muheza kwa miaka mingi. Lala kwenye chandarua.

Linapunguza unene?

Hapana. Na tahadhari na vidonge vya kupunguza mwili vyenye danzi: vina sinefrini, ambayo inaweza kupandisha presha na kuharakisha mapigo ya moyo.

Mjamzito na watoto je?

Kwa kiasi cha chakula, hakuna ubaya. Yale mafuta ya ganda ya kwenye vichupa vidogo ni kitu kingine. Yamekolezwa mno, hayanywewi na mtu yeyote, na mtoto asiyaguse. Mwenye vidonda vya tumbo au kiungulia aanze kidogo sana ajisikilize.

Kwa siku nile kiasi gani?

Kijiko kimoja cha chai cha ganda bichi lililokwanguliwa, au ganda la robo ndimu kwenye achari. Ukizidisha kwa mara ya kwanza tumbo litajaa gesi.

Naomba unifundishe achari ya ndimu isiyoota ukungu.

Kwa furaha. Hii ndiyo njia ya wazee wetu ya kula ganda zima, na walikuwa nayo kabla ya mtu yeyote kusema neno flavonoidi.

Chagua ndimu ishirini zenye ganda jembamba, zilizoanza kugeuka njano. Ndimu ya ganda nene inabaki chungu. Zioshe, kisha zikaushe moja moja kwa kitambaa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mara yangu ya kwanza nilitia ndimu mbichi za maji kwenye chupa niliyotoka kuiosha, wiki ya pili ikavaa manyoya meupe, nikamwaga yote. Chupa ichemshwe, ikauke juani kabisa. Kijiko nacho kiwe kikavu.

Kata kila ndimu mara nne bila kuiachanisha, kama ua lililofunguka. Tia chumvi ndani, kijiko cha chai kilichojaa kwa kila ndimu. Zipange kwenye chupa, uzishindilie mpaka zitoe maji yake, maji yazifunike. Ongeza maji ya ndimu nyingine kama hayatoshi. Anika juani, ingiza ndani magharibi, kesho toa tena. Tikisa kila siku. Siku tatu za mwanzo ganda bado ni gumu na linateleza. Baada ya wiki mbili hivi linaanza kuonesha mwanga ukiliinua juani, na rangi imekuwa ya kahawia hafifu. Bonyeza kwa ukucha: likizama, tayari. Chumvi na asidi vimelegeza pektini na uchungu umetoka kwenye maji. Hapo ndipo utie pilipili, bizari na mafuta kidogo yaliyopashwa moto yakapoa.

Vitamini C nyingi itakuwa imekwenda na jua. Flavonoidi na nyuzinyuzi zimebaki. Ila chumvi ni nyingi, sitakuficha. Mwenye presha aioshe kwa maji, akate kipande kidogo cha kula na wali, asinywe mchuzi wake.

Nisiyetaka chumvi?

Maganda ya shira. Kata ganda la chungwa na nyeupe yake vipande vyembamba, chemsha, mwaga maji, rudia mara tatu mpaka uchungu upungue. Kisha pika na sukari kiasi sawa, maji kidogo na iliki tatu, moto mdogo, mpaka yang'ae na shira iwe nzito. Ni sukari, kwa hiyo ni kitu cha Idi na cha wageni. Mwenye kisukari akwangue ganda bichi kwenye kachumbari au kwenye mchuzi wa samaki wa nazi, dakika moja kabla ya kuipua.

Bado yanabaki maganda ndoo nzima. Niyatupe?

Mpe mbuzi, lakini kidogo na yaliyochanganywa na majani. Ng'ombe wa nchi zenye viwanda vya maji ya machungwa hulishwa maganda makavu. Yanayobaki yakatekate, uyachanganye na udongo na majani makavu. Yakiwa mazima huchelewa kuoza kwa sababu ya mafuta yake, lakini yakioza ni mbolea nzuri. Kule Kosta Rika, katika miaka ya 1990, malori kama elfu moja ya maganda ya machungwa yalimwagwa kwenye ardhi iliyochoka ya Guanacaste yakaachwa. Watafiti waliporudi baada ya miaka kumi na sita walikuta msitu umeota hekta tatu nzima, na bango la kuonesha mahali pale, walilokuja kulitafuta, hawakuliona kwa wingi wa miti. Mimi nina mpapai mmoja uani unaokula maganda yangu ya achari. Shina lake sasa siwezi kulikumbatia kwa viganja viwili.